Kitanda si mahali pa kusubiria usingizi

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta kitambaa cha suruali dukani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Nilipokuwa nampima kiuno akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama: "Kaka, miezi mitano sasa sipati hata lepe la usingizi." Nikaacha futi, nikamwambia akae. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Yangu yalianza kwa kumuuguza mzee wangu. Kiharusi kilimlaza miezi minne, na zamu ya usiku ilikuwa yangu: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumpa maji kwa kijiko, kumsikiliza anavyopumua. Mwili ukazoea kuamka. Alipofariki tukamzika, hitima ikasomwa, watu wakatawanyika. Mimi ikifika saa 8 usiku macho yananitoka, kana kwamba bado kuna mtu wa kugeuzwa.

Hapo nikaanza kuuwinda usingizi. Nilipanda kitandani saa 3 usiku ili niuwahi. Mchana nilijilaza kwenye mkeka nyuma ya cherehani. Jioni, nisije nikasinzia mbele za watu, nilikunywa vikombe vitatu vinne vya kahawa chungu barazani, na kashata juu yake. Kahawa haitoki mwilini upesi. Unayokunywa saa 12 jioni, karibu nusu ya nguvu yake bado unayo saa 5 usiku. Na kila nikishtuka, nanyoosha mkono kwenye simu kutazama saa, kisha nahesabu: nikilala sasa nitapata saa tatu, nikilala sasa nitapata mbili.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Arthur Spielman, aliyagawa mambo ya kukosa usingizi mafungu matatu: yanayomweka mtu tayari kuupata ugonjwa, yanayouanzisha, na yanayouendeleza. Nilipoelezwa hilo nilijiona mzima mzima. Mimi ni mtu wa roho juu juu tangu utotoni. Hilo la kwanza. Msiba wa mzee ndio ulioanzisha. Lakini kilichokuwa kikiendeleza, miezi kumi baadaye, hakikuwa msiba tena. Kilikuwa kile kitanda cha saa 3, ule mkeka, zile kahawa na ile simu. Msiba sina uwezo wa kuuondoa. Hayo mengine ninao.

Watu wangu walinihangaikia kwa mapenzi. Shangazi alinipeleka kwa shehe nikasomewa, na kisomo kilinituliza moyo, sijutii kwenda. Wengi waliniambia, "Acha mawazo." Nakuomba, usimwambie hivyo asiyelala. Angekuwa na uwezo wa kuyaacha angeyaacha siku ya kwanza.

Kumbe kulikuwa na kitu kingine kimeingia. Chakula kilikuwa hakina ladha. Mteja akichelewa kulipa natetemeka kwa hasira, akilipa sifurahi. Siku moja nilikata mkono wa kushoto wa kanzu mara mbili, wa kulia sikukata kabisa, na badala ya kununua kitambaa kingine nikakaa chini nikalia mbele ya mwanafunzi wangu. Usiku mmoja niliwaza kwamba ingekuwa nafuu nisiamke. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia hivyo hivyo, na ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya mwaka ule. Kama nawe wazo hilo limekupitia, mwambie mtu leo, na mwende hospitali pamoja. Usingoje kupambazuke mara ya pili.

Hiyo inaitwa sonona. Zamani nilidhani sonona ndiyo inayomnyima mtu usingizi, basi. Kumbe njia inakwenda pande zote mbili. Tafiti zilizofuatilia watu kwa muda zinaonyesha kwamba asiyelala, hata kama leo hana sonona, ana hatari kama mara mbili ya kuipata kuliko anayelala vizuri. Kwa hiyo usingizi haungoji huzuni iishe ndipo utibiwe. Unatibiwa wenyewe, ana kwa ana.

Kabla ya kufika kliniki nilipitia duka la dawa, nikauziwa diazepam, vidonge vya kuleta usingizi, bila cheti chochote. Wiki mbili za kwanza nililala kama gogo. Baadaye kidonge kimoja kikawa hakitoshi, na asubuhi kichwa kizito, sindano siioni. Dawa hizi zina kazi yake mkononi mwa daktari, kwa siku chache, lakini mwili huzizoea haraka. Na kama umeshazitumia muda mrefu usizikate ghafla. Zikikatwa ghafla zinaweza kuleta hata degedege. Mimi nilipunguziwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa.

Kwenda kliniki ya afya ya akili kulinichukua siku nyingi za kusitasita. Huku kwetu ukitaja daktari wa akili, mtu anasikia Lutindi, ile hospitali ya milimani Korogwe iliyoanza tangu enzi za Mjerumani, na anakuona umesharukwa na akili. Nilikaa kwenye benchi nimevuta kofia usoni. Aliyenihudumia ni muuguzi, mama wa makamo. Aliniuliza maswali mawili: kwa wiki unakesha usiku mara ngapi, na tangu lini? Ikiwa ni mara tatu au zaidi kwa wiki, na miezi mitatu imepita, hiyo ni kukosa usingizi sugu. Akanipa kazi ya kuandika kwenye daftari kwa wiki mbili: nimepanda kitandani saa ngapi, nimelala takriban muda gani, nimeamka saa ngapi.

Tulipojumlisha, nilikuwa nakaa kitandani kwa muda wa saa 9 kila usiku na kulala kwa muda wa kama saa 5 tu. Akasema, "Basi tutakupa kitanda cha saa 5." Nilidhani ananitania. Mimi sina usingizi, naye ananipunguzia kitanda! Lakini ndivyo tiba ilivyo. Ni sehemu ya tiba ya kubadili fikra na mienendo, na mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, kilishauri kwamba watu wazima wenye tatizo hili waanze nayo kabla ya vidonge. Kitanda kwangu kilikuwa kimegeuka uwanja wa vita. Kulala humo macho saa nne kila usiku kulikuwa kumeufundisha mwili wangu kwamba hapa ni mahali pa kukesha.

Kanuni zikawa hizi. Naingia kitandani saa 6 usiku, si kabla, na naamka kwa adhana ya alfajiri hata kama nimelala nusu saa. Mchana silali. Kahawa mwisho adhuhuri. Simu inalala sebuleni. Nikihisi nimekaa macho kama dakika 20, bila kutazama saa, natoka kitandani. Narudi macho yakianza kufumba yenyewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, sikufichi. Kuanzia saa 3 hadi saa 6 nilikaa barazani kwenye kigoda, taa hafifu, nikishona kofia ya vito kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Nilichagua kofia kwa sababu haina haraka wala haikupi hasira. Usiku wa nne nilisinzia nikajichoma sindano kidoleni. Usiku wa kumi niliingia kitandani na sikumbuki kilichofuata mpaka mke wangu aliponigusa bega: "Adhana hiyo." Kila wiki ambayo nililala walau asilimia 85 ya muda wa kitandani, niliongezewa dakika 15. Baada ya miezi miwili nilikuwa nalala saa 6 na nusu.

Sonona haikuondoka yote kwa usingizi peke yake. Nilipewa dawa yake, ambayo ilichukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na nilikuwa na mahali pa kuzungumza juu ya mzee. Lakini mazungumzo hayo yalianza kuniingia kichwani baada ya usingizi kurudi.

Usijipunguzie muda wa kitanda peke yako kama una kifafa, au uliwahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa hulali wala huchoki. Kukosa usingizi kunaweza kuyaamsha hayo. Dereva wa bodaboda au wa lori naye amwone mtaalamu kwanza, maana wiki za mwanzo unasinzia mchana. Na kama unakoroma sana mpaka mwenzako anaona pumzi inakatika, hilo ni tatizo jingine, lina vipimo vyake.

Ramadhani iliyopita daku lilinivuruga. Siku za Idi zikapita, saa 8 usiku macho yakarudi kutoka kama zamani, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usiku wa nne nilitoa daftari kabatini, nikaitafuta ile kofia, nikatoka nayo barazani mpaka saa 6.