Usiipuuze koloni iliyoota ndani ya duara la diski

Unaposoma sahani ya kupima usugu, ukakuta duara zuri la uwazi kuzunguka diski (kipande cha karatasi chenye dawa) ya seftazidimu, halafu ndani yake zimeota koloni (vijidutu vya bakteria) mbili tatu zilizojitenga, usizipite. Kwa bakteria wanaobadilika haraka, hasa Pseudomonas aeruginosa na jamii ya Enterobacter, koloni hizo mara nyingi ndizo jibu lenyewe. Wengi huziona kama uchafu, wakapima ukingo wa nje na kuandika kwamba dawa inafaa. Mgonjwa mwenye kidonda cha kisukari anaanzishiwa dawa, anapata nafuu siku mbili, kisha usaha unarudi palepale.

Sababu inajulikana tangu 1943, Salvador Luria na Max Delbrück walipoonyesha kwamba badiliko la vinasaba hutokea lenyewe kabla bakteria hajakutana na adui. Dawa haimfundishi bakteria usugu. Inaua wengine na kumwachia nafasi yule aliyekuwa sugu tayari. Kwa rifampisini, bakteria wa kawaida hutoa sugu mmoja kati ya takriban milioni 100. Wale ambao mfumo wao wa kurekebisha makosa ya DNA umeharibika, mara nyingi kwenye jeni ya mutS, hutoa sugu mara 100 hadi 1,000 zaidi. Sasa piga hesabu. Kipimo cha mchuzi (maji yenye chakula cha bakteria) kwenye visima vidogo huweka bakteria 50,000 tu kila kisima, wakati jipu kubwa lina mamilioni kwa mamilioni. Yule mmoja hakuingia kisimani, lakini jipuni yumo. Ndiyo maana tunasema sahani ya diski, pamoja na urahisi wake, inastahili kuangaliwa kwa jicho kali.

Lakini kabla hujamshuku bakteria, hakikisha sahani yako ni salama. Hapa Tanga unyevu wa hewa ndio unaotuharibia kazi kuliko kitu kingine, masika hasa. Diski zinazotunzwa kwenye friji, ukifungua chupa yake ingali baridi, umande unaziingia papo hapo, na dawa za jamii ya penisilini na meropenemu hupoteza nguvu. Duara linakuwa dogo, unaandika sugu, kumbe diski imekufa. Toa chupa, iache mezani ikiwa imefungwa saa moja hadi mbili, ndipo ufungue. Pakiti ya kukausha unyevu iwe ndani ya chupa muda wote, na akiba kubwa ikae kwenye −20 °C.

Agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria, iwe na kina cha milimita 4. Kwa sahani ya milimita 90 hiyo ni kama mililita 25, pima kwa silinda, usikadirie kwa macho. Ikiwa nyembamba, duara linatanuka na dawa inaonekana inafaa wakati haifai. Maji yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba au kisima hapana, hata yakichujwa. Kalsiamu na magnesiamu zikizidi, duara la amikasini kwa Pseudomonas hupungua, na utamnyima mgonjwa dawa ambayo ingemsaidia. Sahani zikitoka kwenye friji zina matone juu, zikaushe kwenye inkubeta mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo, dakika 10 hadi 15. Uso ukiwa na maji, kingo za duara huwa na ukungu na hutajua upime wapi.

Mchanganyiko wa bakteria uufikishe kwenye uzito wa 0.5 McFarland (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), ukichukua koloni kadhaa zinazofanana, si moja. Sahani ikiwa na koloni za sura mbili, nyingine laini na nyingine zenye ute, pima kila sura peke yake. Kisha shika dakika 15 mara tatu: tumia mchanganyiko ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, ingiza kwenye inkubeta ndani ya dakika 15 baada ya diski. Joto 35 °C, saa 16 hadi 20, sahani zisizidi tano kwa kupandana. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, usisome; ukuaji ukichelewa dawa husambaa kwanza na maduara yote yanakuwa makubwa kwa uongo. Rudia. Pamoja nazo pima E. coli ATCC 25922, bakteria wa kuhakikishia kipimo: jentamaisini impe milimita 19 hadi 26. Akitoka nje ya hapo, majibu ya siku hiyo yanasubiri.

Sasa turudi kwenye koloni ile. Ichukue kwa kitanzi, ipandikize kwenye agari ya damu, usiku mmoja. Itambue upya, maana huenda ni bakteria mwingine kabisa aliyeingia na sampuli. Ikiwa ni yuleyule, ipime tena. Ikibaki sugu hata baada ya kupandikizwa pasipo dawa, hilo ni badiliko la kudumu. Ikirudi kuwa dhaifu, bado usitulie, kwani usugu wa kundi dogo unaweza kufifia dawa ikiondoka na kurudi dawa ikirudi. Bakteria wakiwa wa aina moja tu, koloni zihesabiwe kwenye kipimo: pima mpaka pale zinapoanzia, si ukingo wa nje.

Kwa maabara yenye nafasi ya kupima kasi yenyewe, otesha mirija 5 ya mchuzi usiku kucha. Toka kila mrija paka mikrolita 100 kwenye agari yenye rifampisini miligramu 300 kwa lita, na mikrolita 100 za mchuzi uliopunguzwa mara milioni kwenye agari isiyo na dawa. Ukipata koloni 12 upande wa dawa na 200 upande wa pili, gawa 12 kwa milioni 200: sugu 6 kati ya milioni 100. Chukua mrija wa katikati, si wastani, maana badiliko likitokea mapema kwenye mrija mmoja, mrija huo hujaa sugu na kuvuta hesabu yote. Linganisha na PAO1, Pseudomonas wa kawaida wa kulinganishia, uliyoiotesha siku ileile. Anayezidi mara 20 mhesabu kuwa wa kasi. Sahani hizo zimejaa sugu, kwa hiyo zipite otokilevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) 121 °C kabla ya kutoka chumbani.

Kwenye fomu, usiishie kuandika herufi ya sugu au inafaa. Kwa Enterobacter na dawa kama seftriaksoni, mwandikie daktari kwamba usugu unaweza kujitokeza katikati ya matibabu, na aombe sampuli mpya baada ya siku 3 hadi 4 kama mgonjwa hapati nafuu. Hifadhi bakteria wa mwanzo na yule wa ndani ya duara, wote wawili, kwenye gliseroli na friza ya −70 °C, kila chupa ikiwa na tarehe na jina la dawa ambayo koloni iliota karibu nayo.