Nahodha, kapteni au luteni? Vyeo vya manowari za matanga kwa Kiswahili

SWALI: Msomaji wetu wa Mombasa anatafsiri maelezo ya maisha ya William Fitzwilliam Owen, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyepima pwani yetu miaka ya 1820. Anaandika: "Kamusi inanipa neno nahodha kwa cheo cha Owen, nami nimemwita Nahodha Owen. Lakini humohumo wamo watu wanaoongoza meli na cheo chao si hicho, na wengine wana cheo hicho ila hawana meli. Mmoja ametajwa kuwa kamanda na sijui alikuwa mkubwa au mdogo kwa Owen. Yule kijana aliyeshika utawala wa Mombasa kwa muda nimemwita 'mtu wa katikati ya meli', lakini moyo haujatulia. Nifanyeje?"

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kutotulia. Mambo mawili yamefungwa katika neno moja la Kiingereza, captain, nawe umejaribu kuyabeba kwa neno moja la Kiswahili. Sisi tuna maneno mawili. Tuyatumie yote.

Neno nahodha ni jina la kazi. Asili yake ni Kiajemi, limeungwa kwa neno la chombo na neno la bwana: bwana wa chombo. Limezunguka Bahari ya Hindi yote; Waarabu wanalo, Wahindi wanalo, Wamalei wanalo. Nahodha ndiye anayeamua nanga ing'olewe lini, tanga lipunguzwe au liachwe, mzigo utupwe baharini au tuendelee kuomba Mungu. Anaweza kuwa nahodha wa jahazi la tani mia au wa mashua ya kuvulia. Ndiyo maana watangazaji wa mpira hawakukosea walipolichukua: nahodha wa timu ni anayeongoza wenzake uwanjani leo, na kesho kitambaa kinaweza kuvaliwa na mwingine.

Kapteni ni jina la cheo. Limeingia na majeshi, na huvaliwa mabegani. Kapteni akilala nyumbani ni kapteni, akiwa likizo ni kapteni, akistaafu watu wataendelea kumwita kapteni. Najua utaniambia kwamba hata mzee aliyeacha bahari miaka mingi bado anaitwa Nahodha barazani. Ni kweli, nami nimekaa Unguja na wazee wa namna hiyo. Lakini pale ni heshima ya watu kwa kazi aliyoifanya. Hakuna serikali iliyompa, wala hakuna itakayomlipa kwa sababu ya jina lile.

Ukishatenganisha hivyo, mambo mengi ya enzi ya matanga yanajipanga yenyewe. Mchukue James Cook. Dunia nzima inamjua kwa cheo cha kapteni, lakini alipoondoka Uingereza mwaka 1768 na merikebu Endeavour alikuwa luteni, tena luteni mpya mwenye umri wa miaka 39. Alikuwa nahodha wa Endeavour, kwa cheo ni luteni. Aliporudi mwaka 1771 akafanywa kamanda, na ukapteni wenyewe akaupata mwaka 1775, miaka isiyozidi minne kabla ya kuuawa Hawaii. William Bligh naye, yule ambaye watu wake walimwasi ndani ya Bounty Aprili 1789 wakamshusha katika mashua na wenzake 18, alikuwa luteni. Mabaharia wake walimwita kwa jina la ukapteni kwa adabu ya chomboni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamuru. Mtafsiri anayeandika "Kapteni Bligh" amempa cheo ambacho siku ile hakuwa nacho; anayeandika "Luteni Bligh, nahodha wa Bounty" amesema kweli mara mbili katika sentensi moja.

Upande wa pili uko katika pigano la baharini la Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805. Horatio Nelson, mkuu wa Waingereza, alipigwa risasi akiwa juu ya sitaha ya Victory, manowari yenye mizinga zaidi ya 100 na watu zaidi ya 800. Nimeona mara nyingi ikiandikwa kwamba Nelson alikuwa nahodha wa Victory. Hakuwa. Nahodha alikuwa Kapteni Thomas Hardy. Nelson alikuwa makamu admirali, amebebwa na manowari ile kama jemadari abebwavyo na farasi. Yeye aliongoza msafara mzima, na mambo ya usukani na matanga ya Victory yalikuwa mikononi mwa Hardy.

Na wale wenye cheo bila chombo ni akina nani? Hao ndio waliokuwa wengi. Wakati wa vita na Napoleon jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na watu zaidi ya 140,000; amani ilipokuja mwaka 1815 likapunguzwa, na baada ya miaka michache wakabaki kiasi cha 20,000. Mabaharia walifukuzwa. Maafisa hawakufukuzwa, kwa sababu kamisheni, yaani hati ya serikali ya kumpa mtu cheo cha afisa, haikuwa mkataba wa chombo kimoja. Waliwekwa nchi kavu kwa mshahara wa nusu, wakiandika barua kwa wakubwa kuomba chombo, na wengi hawakupata tena maisha yao yote. Hawa ni makapteni na maluteni. Usiwaite manahodha, maana hawakuwa na cha kukiongoza.

Hapo kuna mtego ambao kamusi haitakuonya. Kapteni wa nchi kavu na kapteni wa majini si sawa. Katika jeshi la nchi kavu kapteni yuko chini ya meja, na msomaji wetu wa Tanzania au Kenya hujenga picha ya afisa kijana anayeongoza kombania. Katika majini, kwa taratibu zilizowekwa Uingereza mwaka 1748, mwaka uleule maafisa wa majini walipopewa sare, kapteni aliyekaa katika cheo miaka mitatu alilingana na kanali, na luteni wa majini alilingana na kapteni wa nchi kavu. Kwa hiyo nakushauri mara ya kwanza uandike "Kapteni wa majini Owen", ueleze kwa maneno machache kwamba hicho ni cheo cha ukanali, kisha uendelee na "Kapteni Owen". Msomaji akikosa maelezo hayo ataona ajabu mtu mdogo namna hiyo kuiweka Mombasa chini ya bendera ya mfalme wake.

Kamanda ni shida ya aina nyingine. Kwetu kamanda ni mkubwa wa mahali: kamanda wa polisi wa mkoa, kamanda wa kikosi. Katika majini ni cheo, na kiko katikati: juu ya luteni, chini ya kapteni. Kamanda hakupewa manowari kubwa, alipewa ndogo. Hapo zamani cheo hiki kiliitwa kwa maneno mawili, mwalimu wa chombo na kamanda, kwa kuwa katika vyombo vidogo mtu mmoja alibeba kazi zote mbili. Mwaka 1794 kikafupishwa. Andika "mwenye cheo cha kamanda", na msomaji hatampandisha juu ya Owen.

Nimesema mwalimu wa chombo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo lugha yetu ina hazina na tunaipita. Katika manowari alikuwapo mtu aliyejua nyota, dira, mikondo na miamba. Hakuwa na kamisheni, na maafisa wa nasaba walimtazama kwa juu, lakini bila yeye chombo hakifiki. Cook alianza hapo: alitoka katika merikebu za makaa ya mawe za Whitby, akajiunga na jeshi mwaka 1755 kama baharia wa kawaida, na mwaka 1757 akafaulu mtihani wa kazi hiyo. Wapo wanaotafsiri jina la kazi hiyo, master kwa Kiingereza, kuwa "bwana wa meli". Sasa kumbuka kwamba Waarabu wa baharini walimwita mtu huyohuyo muallim, neno lilelile lililotupa mwalimu. Vasco da Gama alipopewa mwongozaji Malindi mwaka 1498, Wareno waliandika jina lake Malemo. Halikuwa jina lake. Ilikuwa kazi yake. Kwa hiyo "mwalimu wa chombo" si tafsiri ya kubuni, ni neno lililokuwa ufukweni kwetu kabla Mwingereza hajafika. Msomaji wa leo ataona chaki na ubao kwa sekunde moja. Sentensi moja ya maelezo itamtoa huko. Usitumie rubani hapa. Rubani naye alikuwa wa bahari kabla ya kupandishwa angani, lakini huyo ni yule anayepanda chomboni kukiingiza bandarini, kisha anashuka.

Sasa kijana wako. "Mtu wa katikati ya meli" ni tafsiri ya neno kwa neno ya midshipman; inataja sehemu ya chombo tu, haisemi lolote kuhusu maisha ya vijana hao. Mtoto aliingia akiwa na miaka 12 au 13, mara nyingi kwa mkono wa mjomba au rafiki wa baba. Nelson aliingia mwaka 1771 na manowari ya kwanza ilikuwa ya mjomba wake. Mtoto wa namna hiyo alijifunza kupima jua, kupanda mlingoti, kuamuru watu wazima waliomzidi umri mara tatu. Baada ya miaka sita baharini aliweza kukaa mbele ya makapteni watatu kwa mtihani wa uluteni, mtihani ulioanzishwa mwaka 1677. Ukubwa katika jeshi la nchi kavu uliweza kununuliwa kwa fedha. Uluteni wa majini haukuuzwa. Umri uliotakiwa ulikuwa miaka 20, ingawa Nelson alipita mwaka 1777 akiwa na 18. Wengine walishindwa wakabaki bila uluteni hadi mvi. Majeshi yetu yana jina la anayesubiri kutunukiwa kamisheni: afisa mwanafunzi. Litumie hilo, ueleze tu kwamba chuo chake kilikuwa manowari yenyewe.

Juu ya ukapteni mambo yalikuwa foleni tupu. Jina likishaingia katika orodha ya makapteni, hakuna aliyeweza kukuruka wala wewe kumruka mtu. Ulipanda kadiri wa juu yako walivyokufa. Nelson alikuwa kapteni akiwa na miaka 20 na admirali akiwa na 38. Owen alipata ukapteni mwaka 1811 na uadmirali mwaka 1847, akiwa mzee wa miaka 73. Kufa kufaana, wasemavyo wazee, na maafisa wale walilisema waziwazi: kila Alhamisi mezani waliinua bilauri kutakiana vita vya damu au msimu wa maradhi, ili nafasi zipatikane. Katika upimaji wa pwani yetu maradhi yalifanya kazi hiyo. Cutfield, mwenye cheo cha kamanda na nahodha wa Barracouta, merikebu mojawapo ya upimaji huo, alikufa kwa homa mwaka 1822, na Vidal, afisa mwingine wa Owen, akashika nafasi yake.

Uadmirali wenyewe usikutishe. Neno admirali limetoka Kiarabu, katika amir, kwa hiyo ni ndugu wa amiri wetu jeshi mkuu. Kwa daraja la kati andika makamu admirali. Kwa daraja la chini, mahali pengine katika tafsiri yako umeandika "admirali wa nyuma". Kweli zamani aliongoza sehemu ya nyuma ya msafara, lakini kwa msomaji wa leo inasikika kama aliyeachwa. Bora "ria admirali".

Mawili madogo. Manowari ni neno zuri kuliko "meli ya kivita", nalo ni la enzi hasa, limetokana na man-of-war, jina ambalo mabaharia Waingereza waliita chombo cha vita. Meli, kwa upande wake, limetokana na mail, yaani barua, kwa sababu ya vyombo vya moshi vya kuzileta, hivyo kwa vyombo vya Owen napendelea merikebu. La pili: makapteni na manahodha ni watu, wape upatanisho wa watu. "Nahodha wa merikebu", kamwe si "nahodha ya merikebu".

Kipande ulichotuma kilisomeka hivi: "Nahodha Owen alimwacha Nahodha Msaidizi Reitz atawale Mombasa. Reitz alipokufa, mtu wa katikati ya meli Phillips alichukua nafasi, kisha akaja Nahodha Msaidizi Emery." Luteni kwa asili ni mshika nafasi, ni naibu, kwa hiyo naelewa umelitoa wapi neno msaidizi. Lakini cheo kina jina lake tayari. Mimi ningeandika:

"Februari 1824 Kapteni wa majini Owen, nahodha wa manowari Leven, alikubali ombi la Wamazrui, watawala wa mji, kuiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza, akamwacha Luteni John James Reitz asimamie. Reitz alikufa kwa homa mwezi Mei katika safari ya Pangani, na hadi leo mlango wa bahari wa kusini mwa kisiwa unaitwa Port Reitz. Afisa mwanafunzi George Phillips, ambaye hakuwa na kamisheni bado, ndiye aliyeshika Mombasa hadi Agosti, alipofika Luteni James Emery. Emery alikaa mpaka mwaka 1826, bendera ilipoteremshwa."