Kabla ya Kubishana Kuhusu Mungu, Uliza Yalianza Lini

Kwa muda mrefu jamaa na marafiki wamekuwa wakinijia imani yao inapotikisika, na wengine wamenijia wakiwa katika hali ya kinyume kabisa: hawakuwahi kuamini, na sasa wanajikuta wakiomba usiku bila kujua wanamwomba nani. Mimi ni muumini, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue niliposimama. Jambo ninalotaka kumwachia kila anayejadili dini na mtu anayempenda ni kwamba sababu anayoitaja mtu ya kuamini au kutoamini mara nyingi siyo iliyomfikisha hapo alipo, na kwa hiyo kabla ya kumuuliza kwa nini, inafaa kumuuliza tangu lini.

Niliwahi kukaa na mwanamume mmoja msomi aliyenieleza kwa utulivu mkubwa jinsi ulimwengu unavyoweza kufahamika bila kumtaja Muumba. Nilipomuuliza alianza lini kufikiri hivyo, alinyamaza, akaichukua risiti iliyokuwa mezani, akawa anaikunja na kuikunjua, kisha akasema kwamba ni tangu mdogo wake alipofariki. Katika msiba ule mtu mmoja alimwambia mama yao kuwa Mungu alimpenda marehemu kuliko wao walivyompenda, na mama akaitikia kwa kichwa huku amefumba macho. Vitabu alivisoma baadaye. Hoja zake zilikuwa za kweli kwake, tena baadhi yake ni nzito, lakini ningejibu hoja hizo peke yake ningekuwa ninazungumza na mtu ambaye hakuwapo mezani.

Tunaweza kuliona jambo hili hata katika maisha ya watu mashuhuri. Wengi huchukulia kwamba Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliachana na imani kwa sababu tu ya nadharia ya mageuzi ya viumbe aliyoichapisha mwaka 1859. Hata hivyo, binti yake Annie alikuwa amefariki mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 10, na mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote angeumba kwa makusudi nyigu ambao mabuu yao hujilisha ndani ya viwavi walio hai. Sidai kwamba msiba ule peke yake ndio uliomgeuza. Mwenyewe alieleza kuwa kutoamini kulimwingia polepole. Ninachosema ni kwamba anayemjibu Darwin kwa kuzungumzia visukuku tu, yaani mabaki ya kale ya viumbe yaliyogeuka mawe, ameacha nusu ya swali lake, tena pengine nusu iliyo ngumu zaidi, yaani mateso ya viumbe wasio na hatia.

Upande wa waumini hali ni hiyo hiyo. Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ufaransa, anakumbukwa kwa hoja yake kwamba ni busara kuamini, kwa kuwa anayeamini ana mengi ya kupata na machache ya kupoteza, na hoja hiyo hutolewa mpaka leo katika mabishano. Imani yake mwenyewe, hata hivyo, haikukaa juu ya hesabu hiyo. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alipatwa na jambo lililomgusa kiasi kwamba aliliandika kwenye karatasi, akimtaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu, na baada ya kifo chake mwaka 1662 maandishi hayo yalikutwa yameshonewa ndani ya nguo yake. Karne kadhaa kabla yake, Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu ambaye alizifahamu hoja za wanafalsafa kuliko wengi wa zama zake, alisimulia jinsi alivyozama katika shaka kwa karibu miezi miwili, na kwamba kilichomponya hakikuwa hoja iliyopangwa vizuri, bali nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia moyoni mwake.

Hapa nina onyo, kwa sababu nimeona watu wakiugeuza ukweli huu kuwa silaha. Kujua chanzo cha msimamo wa mtu hakutuambii kama msimamo huo ni sahihi. Aliyeamini kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ya waumini anaweza kuwa katika haki, na aliyeacha kuamini kwa sababu ya uchungu anaweza kuwa na swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Kumwambia mtu "wewe unasema hivyo kwa sababu umeumia" ni kumnyima heshima ya kusikilizwa. Na wapo ambao chanzo chao ni swali lenyewe, hakuna jeraha nyuma yake. Binti mmoja aliuliza mafundisho ya dini yanapatanaje na wanasayansi wanaokadiria umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.5, akajibiwa kwamba aache maswali na azidishe maombi. Hakuacha maswali, aliacha kwenda ibadani. Inanisikitisha mpaka leo, kwa maana wapo waumini wengi, wakiwemo wanasayansi, ambao wamelitafakari suala hilo kwa kina, na angeweza kuelekezwa kwao. Aliyeuliza kwa akili ajibiwe kwa akili, na asiyejua jibu aseme hajui.

Kuhusu walioumizwa na viongozi wa dini au kuona sadaka zikiliwa, sina maneno mengi. Wanastahili kuaminiwa kwanza, na haki itendeke, kabla ya mtu yeyote kuwakumbusha kwamba Mungu si binadamu.

Ikiwa wewe ndiye mwenye shaka, ushauri wangu ni kwamba usijilazimishe kutoa uamuzi ukiwa ndani ya msiba, wala usikubali mtu akulazimishe. Jiulize ni nini hasa umekiacha: ni Mungu, ni picha ya Mungu uliyopewa utotoni, au ni watu waliokuwa wakisema kwa jina lake? Kisha tafuta mtetezi bora wa upande usiokubaliana nao, kwa sababu kumshinda aliye dhaifu hakukupi uhakika wowote. Vivyo hivyo kwa muumini ambaye hajawahi kuhoji chochote.

Na ikiwa ni mwenzako, mzazi wako au mwanao aliyekuja kukuambia kwamba haamini tena, au kwamba ameanza kuamini nawe huamini, usianze kwa kujibu. Marafiki wa Ayubu walipomkuta katika mateso yake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na hapo walikuwa faraja kwake. Walimchosha walipoanza kumfafanulia sababu za mateso yake. Muulize yalianza lini, umwache amalize, na umwambie waziwazi kwamba nafasi yake nyumbani haitegemei jibu lake.