Hasira za Mchana Zilikuwa Zinaanzia Usiku

Asubuhi moja ya mwezi Februari, mwaka niliotimiza miaka 48, nilimgombeza binti yangu kwa sababu alikuwa ameacha chupa ya chai bila kuifunga. Alinitazama bila kujibu, akakifunga kifuniko polepole, akaondoka kwenda chuoni. Mimi nikabaki jikoni nikilia kwa kwikwi kama mtu aliyepokea habari za msiba. Sikuwa mtu wa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20 nimefundisha watoto wa shule ya msingi hapa Tanga, kazi ambayo asiye na subira haiwezi, na walimu wenzangu walinijua kwa utani. Lakini kufikia mwezi huo nyumbani nilikuwa nimekwishaonekana kuwa mwenye gubu, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo mbele yangu.

Sikujua kwamba nilikuwa nakaribia ukomo wa hedhi, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba hedhi hukatika kama umeme, leo upo na kesho haupo. Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo homoni huanza kuyumba, na kuyumba huko ndiko hasa kunakotikisa hisia. Estrojeni, mojawapo ya homoni hizo, haifanyi kazi katika mji wa mimba peke yake. Inagusa pia kemikali za ubongo zinazosimamia utulivu na usingizi, ikiwamo serotonini, hivyo inapopanda na kushuka bila mpangilio mwanamke anaweza kuamka mchangamfu na kufika adhuhuri akiwa na machozi asiyoweza kuyaeleza. Mimi siku zangu nilikuwa bado ninaziona, safari hii baada ya wiki tatu, safari nyingine baada ya miezi miwili, kwa hiyo wala sikuwaza kwamba ndiyo mambo yenyewe.

Kwa jasho la usiku nilidhani nina malaria. Nilikwenda kupima mara mbili, kipimo kikaonyesha mara zote kwamba sina, na mara ya pili nikapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Katika kituo kingine cha afya, muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyeniuliza, «Mama, siku zako zinakwendaje?» Swali hilo lilibadilisha kila kitu. Daktari aliagiza nipimwe wingi wa damu, kwa sababu nilikuwa nikitokwa na hedhi nzito, na pia tezi ya thairodi iliyo shingoni, kwa kuwa inapofanya kazi kupita kiasi nayo huleta jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi. Ningemshauri kila mwanamke apitie hapo kabla ya kuusingizia umri.

Daktari huyo ndiye aliyenishauri kuandika. Nilichukua kauntabuku ya shule, nikachora safu tatu: idadi ya mara nilizoamka usiku, saa nilizoona joto likinipanda kutoka kifuani hadi usoni, na hali ya moyo wangu mchana. Baada ya wiki sita sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Karibu kila ugomvi na kila kilio kilikuwa kimetanguliwa na usiku ambao niliamka mara tatu au zaidi kubadilisha khanga iliyolowa. Nilikuwa nimehangaika kuitawala hasira mchana, wakati mwenye kuhitaji kutibiwa alikuwa usiku.

Basi nikaushughulikia usiku. Kando ya mto niliweka khanga mbili kavu zilizokunjwa, taulo dogo na maji, ili nikiamka nisiwashe taa wala kufungua kabati, kwani nilikuwa nimeona kwamba nikishawasha taa usingizi haurudi. Shuka za nailoni nilizigawa, nikabaki na za pamba. Chai ya jioni yenye tangawizi, ambayo naipenda kuliko chakula, niliihamishia asubuhi. Wakati wa kaskazi, umeme ukikatika na feni ikasimama, sikujilazimisha kubaki kitandani. Nilihamia kwenye mkeka sebuleni, karibu na dirisha lenye wavu. Na jioni, badala ya kupanda bodaboda kutoka shuleni, nilitembea. Siwezi kusema kutembea kuliondoa joto, kwa sababu hakukuliondoa, lakini nilifika nyumbani moyo ukiwa umetulia.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kuwaambia watu wa nyumbani. Tumelelewa kuona kwamba mambo ya hedhi ni ya chumbani, na hata shangazi yangu, nilipomweleza, alicheka akasema kwamba wao hasira zao ziliishia kwenye jembe. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba mwaka fulani alimwaga chungu kizima cha mchuzi uani na hadi leo hajui ni kwa nini. Nilimwita mume wangu na watoto baada ya chakula, nikawaeleza kwa maneno machache, nikawaomba kwamba nikisema «nipeni dakika kumi» wasinifuate barazani. Mume wangu alikiri kwamba alikuwa akichelewa kurudi kwa makusudi, akidhani nimemchoka. Kwa maoni yangu, mazungumzo hayo ya nusu saa yalinifaa kuliko radhi zote nilizokuwa nikiomba kila jioni.

Hata hivyo, si kila huzuni ya umri huu huisha kwa khanga kavu. Iwapo huzuni inakaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, au yale uliyoyapenda hayakupendezi tena, hiyo huenda ni sonona, nayo ina tiba; na kama unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, usingoje wiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyewahi kupata sonona baada ya kujifungua, kama nilivyoipata mimi kwa mtoto wa pili, awe mwangalifu zaidi. Kuhusu tiba ya homoni, mimi sikuitumia, lakini mwalimu mwenzangu aliitumia na akalala. Ni jambo la kuamuliwa na daktari: mwenye mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na homoni ya pili ya kulinda ukuta wake, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Usiinunue dukani kwa kuwa jirani amekuelekeza, wala usimpe pesa yako muuza mizizi anayeahidi kurudisha ujana.

Kauntabuku yangu bado ipo juu ya friji, na sasa siisomi mimi peke yangu. Asubuhi, kabla ya kuomba nauli, binti yangu huichungulia kwanza, kisha huuliza, «Mama, jana umeamka mara ngapi?» Nikimjibu tatu, yeye mwenyewe huifunga chupa ya chai, tena kwa nguvu, ili nisikie.