Picha ya wanaotwanga mpunga Ufilipino: waliishi hivyo kweli?

SWALI: Habari za kazi. Nimekutana na picha ya zamani ya rangi za maji, ya Ufilipino enzi za Wahispania. Wanawake wanatwanga mpunga, nyuma kuna nyumba ya majani na nyati. Sasa mbona wote wasafi, nguo zimenyooka? Waliishi hivyo kweli? – Dada wa Tanga

JIBU: Dada, umeuliza la maana sana. Picha za aina hiyo zinaitwa tipos del país, yaani aina za watu wa nchi kwa Kihispania, na zilichorwa za kuuza, kamera zilikuwa bado, mgeni akifika Manila anataka kitu cha kwenda kuonyesha kwao. Wachoraji wenyewe walikuwa watu wa hapo hapo, kama Damián Domingo wa Tondo, mtaa wa Manila, ambaye shule yake ya kuchora ilianza 1821, na mfanyabiashara wa nguo Rafael Daniel Baboom alimwagiza michoro ya mavazi, na mtu wa vitambaa anachotaka ni kuona kitambaa, ndiyo maana mistari ya sketi na urembo wa shati unavihesabu kabisa halafu mtu kasimama peke yake kwenye karatasi tupu. José Honorato Lozano aliyekuja baadaye ndiye akajaza mashamba, mito na nyumba nyuma ya watu.

Kwa hiyo kinu, mchi, kofia pana ya salakot, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, hivyo mimi naviamini. Usichokiona ni jasho! Mwanaume wa kijijini alidaiwa siku 40 kila mwaka za kazi ya lazima kwa serikali, barabara, madaraja, kukata magogo ya meli, na kuanzia 1782 mpaka 1882 tumbaku ilikuwa mali ya serikali, mkulima wa Cagayan, kule kaskazini, analazimishwa kulima halafu mnunuzi ni mmoja tu, na bei anapanga yeye. Nani angenunua picha ya hayo apeleke kwao? Inaniuma, maana mchoraji aliyajua, ni ndugu zake wale.

Albamu ya Lozano ya 1847 iko Maktaba ya Taifa ya Hispania, Madrid, na wameiweka mtandaoni bure. Ukiifungua vuta picha uangalie watu wadogo wa nyuma, wale waliobeba mizigo, maana mbele pale wamepangwa kwa ajili ya mnunuzi.