Nikilipa nusu, deni limekwisha? Maswali yenu kuhusu kupunguziwa madeni

Barua za mwezi huu karibu zote ni za madeni, na nyingi zina swali lile lile: mdai yuko tayari kupokea pungufu, je, nilipe nimalizane naye? Kila mtu anaijua dawa ya deni. Kinachobishaniwa ni kipimo chake. Nimefupisha barua na kuondoa majina. Sheria ninayoitaja ni ya Kenya, isipokuwa kwa msomaji wa Tanga.

Benki ilinikopesha Sh300,000 mwaka 2021. Nilipoacha kulipa, mwaka 2023, msingi wa mkopo ulikuwa umebaki Sh180,000. Sasa wanasema nadaiwa Sh410,000. Wakala wa kukusanya madeni amenipigia akasema nikituma Sh120,000 kabla ya Ijumaa tutakuwa tumemalizana. Nitume? (Mwalimu, Kakamega)

Usitume bado, mwalimu. Bei ni nzuri, tena nzuri sana, maana iko chini hata ya msingi uliobaki. Lakini anayekupa bei hiyo si mdai mwenyewe. Wakala kwa kawaida ameajiriwa tu na benki, naye hulipwa kwa kile anachokusanya. Nenda kwenye tawi, au andikia kitengo cha madeni cha benki yenyewe, uwaulize kama wanaitambua ahadi hiyo.

Wakiitambua, omba barua yenye nembo ya benki kabla ya kutoa hata shilingi moja. Itaje namba ya akaunti ya mkopo, kiasi mlichokubaliana na tarehe ya mwisho ya kulipa. Iseme wazi kwamba pesa hizo ni malipo kamili na ya mwisho na kwamba salio limesamehewa, na pia kwamba CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji, itapewa taarifa mpya. Kama ulikuwa na mdhamini, naye atajwe kuwa ameachiliwa. Kisha lipa kwenye akaunti ya mkopo au kwa namba rasmi ya malipo ya benki. Wakala akikupa namba yake ya simu, mazungumzo yamekwisha.

Mbona nakazania karatasi hivyo? Kwa sababu sheria ya mikataba ya Kenya, tangu ilipoacha ile ya Kihindi mwaka 1961, hufuata kanuni za Kiingereza, na katika kanuni hizo iko moja ya zamani ambayo wadaiwa wengi hawaijui. Katika kesi ya Pinnel, mwaka 1602, majaji wa Uingereza walisema kwamba kulipa kiasi kidogo siku ya kulipa hakuwezi kufuta deni kubwa, hata kama mdai mwenyewe amekubali. Ila mdaiwa akitoa kitu cha namna nyingine (walitaja farasi, mwewe au joho!), au akilipa mapema kuliko tarehe, hapo pana badilishano, yaani kila upande umepata kitu, na makubaliano yanashika. Mwaka 1884 kanuni hiyo ilimuumiza Dkt. Foakes: alimlipa Bi. Beer deni lote kwa awamu kama walivyoandikiana ili yaishe, bibi huyo akarudi kudai riba, na Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likampa.

Benki zinazojiheshimu haziruki barua zao, na aliyetenda kwa kuitegemea ahadi iliyoandikwa ana la kujitetea mahakamani. Mwenye ahadi ya simu tu ana kazi. Kwa deni kubwa, la mamilioni, mlipe wakili aandike hati maalum ya kufuta deni, yenye saini na mashahidi. Hati ya namna hiyo inasimama yenyewe bila kuhitaji badilishano.

Sasa hesabu, maana hapa naona una silaha ambayo hujaitumia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka dari: mkopo ukishaharibika, benki haiwezi kudai riba inayozidi msingi uliokuwa umebaki siku ulipoharibika. Msingi wako ulikuwa Sh180,000, basi riba isizidi Sh180,000 nyingine. Jumla ni Sh360,000, pamoja na gharama halali za kukusanya. Hiyo Sh50,000 ya ziada wakuelezee kwa maandishi ni ya nini. Omba taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, uisome na kalamu mkononi. Mtu anayejua dari ya deni lake huongeleshwa kwa sauti nyingine.

Na katika kupatana, usianze na kiasi cha juu ulicho nacho. Kama unaweza Sh120,000, hakuna ubaya kusema Sh90,000 kwa mkupuo mmoja. Mkopo kama wako benki imekwisha kuutengea fedha za hasara kwenye vitabu vyake, kwa hivyo pesa taslimu leo zina uzito kuliko ahadi ya miaka mitatu. Lakini usiahidi ambacho hakipo. Barua nyingi za aina hii husema ukikosa tarehe, punguzo linakufa na deni lote linarudi.

Nilikopa Sh8,000 kwa app, sasa imefika Sh14,500. Wanawatumia wateja wangu ujumbe, juzi wamemtumia mama mkwe. Nikiwaambia nitalipa nusu wanatukana. (Muuza mitumba, Githurai)

Pole, dada. Kumtumia mama mkwe ujumbe ni kosa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kuwaandama watu walio kwenye simu yako. Hifadhi picha za ujumbe wote na ulalamike kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya Sh5 milioni kwa mambo ya namna hii. Tazama pia kama app yako imo kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni.

Malalamiko hayafuti deni, hayo ni mambo mawili. Wapelekee ombi lako la nusu kwa baruapepe, si kwa simu, na ungoje jibu la maandishi. Wengi hulainika wakishajua unaandika. Wale wanaokuambia kuna punguzo la serikali la asilimia 50 kwa mikopo ya simu wamechelewa: mpango huo ulitangazwa mwishoni mwa 2022, na muda wa kulipa ulikwisha Mei 2023.

Nina deni la benki la mwaka 2015. Miaka yote kimya, sijalipa wala sijaandikiana na mtu. Wiki jana nimepata ujumbe: "Lipa Sh2,000 tu kuonyesha nia njema, tukupe punguzo la asilimia 70." (Nyeri)

Hiyo Sh2,000 ndiyo ghali kuliko zote. Deni la mkataba lina miaka sita ya kushtakiwa tangu lilipostahili kulipwa. Ila ukilipa chochote, au ukiandika na kutia saini kwamba unadaiwa, saa inaanza kuhesabu upya, hata kama miaka hiyo sita ilikuwa imekwisha. Kabla ya kujibu neno lolote, mwone wakili ukiwa na karatasi zako, hasa athibitishe kama hukuwahi kushtakiwa bila kujua. Hukumu ya mahakama ina maisha ya miaka 12, na deni lililodhaminiwa kwa shamba lina hesabu yake nyingine.

Kama dhamiri inakusumbua na unataka kulipa, lipa. Lakini ulipe kwa kuamua, deni likafungwa siku hiyo hiyo kwa barua, si kwa kunaswa na nia njema.

Kuna ukurasa unasema nikiwatumia Sh3,500 watanifuta CRB. (Eldoret)

Wezi. Hakuna anayeuziwa kufutwa. Taarifa yenye makosa hurekebishwa kwa kulalamika kwenye CRB yenyewe, nayo taarifa ya kweli hubaki. Una haki ya ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, anza nayo. Tena ujue, ukishalipa, hata kwa punguzo, rekodi ya kwamba uliwahi kushindwa hukaa miaka mitano. Kinachobadilika ni kwamba inaonyesha hudaiwi tena.

Kaka yangu yuko Doha, anataka kunilipia. Mdai ni mfanyabiashara binafsi, namdai... la, ananidai Sh600,000. Kaka anazo Sh350,000. Anitumie mimi nilipe, au alipe yeye? (Mombasa)

Alipe yeye, kwa jina lake, moja kwa moja, na si kwa sababu sikuamini wewe. Kanuni niliyomweleza mwalimu wa Kakamega haimgusi mtu wa tatu. Mwaka 1911 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya wakopeshaji wa India waliomdai afisa wa jeshi. Baba yake aliwatumia hundi ya kiasi pungufu, akiandika kwamba ndiyo ya kumaliza deni la mwanawe. Wakaitia mfukoni, kisha wakamshtaki mwana kwa salio. Wakashindwa. Aliyepokea pesa za mtu mwingine kwa sharti hilo hawezi kuzila akalikana sharti.

Basi kaka aandike kwanza: "Natoa Sh350,000 kumaliza deni lote la ndugu yangu." Mdai akijibu amekubali, atume, na katika maelezo ya malipo yaandikwe maneno hayo hayo.

Shikamoo mshauri. Nilikopa kwa mtu wa mtaani, zile za kausha damu, amezuia kadi yangu ya ATM. Amesema nikimpa laki tano badala ya laki nane ananiachia. Kisheria inakubalika? (Mwajiriwa, Tanga)

Marahaba. Kwa upande wenu mambo ni mepesi kidogo. Sheria ya mikataba ya Tanzania imeendelea na mfano wa India, na humo mdai anaruhusiwa kusamehe deni lote au sehemu yake, au kupokea chochote anachoona kinamtosha, bila farasi wala joho. Akikubali laki tano, laki tatu zimekufa. Kazi yako ni kuthibitisha kwamba alikubali: andikianeni mbele ya mashahidi wawili, yeye atie saini na dole gumba.

Kadi irudi mkononi mwako palepale unapotoa pesa, si kesho. Ukitoka hapo nenda benki ubadilishe namba ya siri. Na ujue kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa biashara anatakiwa kuwa na leseni. Muulize kwa upole leseni yake iko wapi; huenda laki tano nazo zikashuka.

Nilimdhamini mwenzangu kwenye SACCO. Amepatana nao alipe pungufu. Mimi nimeponea? (Machakos)

Usishangilie kabla ya kusoma fomu uliyotia saini. Kwa kawaida ya sheria, mdai akimwachilia mkopaji bila kukuhusisha, na wewe umeachiliwa. Lakini fomu nyingi zina kipengele kinachosema mdhamini ataendelea kudaiwa hata mkopaji akipunguziwa. Omba barua inayokutaja kwa jina na inayosema amana zako zimefunguliwa.

Nami nina shaka kidogo na hilo punguzo. Pesa za SACCO ni za wanachama, na kwa kawaida wanachosamehe ni faini na riba, baada ya kwanza kukata akiba za mkopaji mwenyewe. Hakikisha hakusamehewa yeye ukabebeshwa wewe.

Shemeji yangu namdai Sh60,000 miaka miwili sasa. Ameleta Sh35,000, anaomba nimsamehe iliyobaki. Nikikataa nyumbani patachafuka, nikikubali najiona mjinga. (Lamu)

Hata kidogo. Katika Hadithi tunasoma kwamba Kaab bin Malik alimdai mwenzake msikitini mpaka sauti zikapanda, Mtume (s.a.w.) akamwashiria apunguze nusu, naye akapunguza. Watu hukisimulia kisa hiki wakaishia hapo, lakini kina sehemu ya pili: akamgeukia mdaiwa, akamwambia inuka umlipe. Msamaha uliandamana na malipo.

Kwa hiyo zipokee hizo Sh35,000 kama ziko taslimu leo. Ukisamehe, msamehe mbele ya dada yako, useme imekwisha, na usiitaje tena Idi ijayo wala kwenye arusi ya mtoto. Kama hujisikii kufikia hapo, basi usisamehe. Mpe muda zaidi na deni libaki deni.

Sina kitu. Sina shamba, sina gari, kazi ilikwisha. Nadaiwa na watu sita, jumla kama Sh900,000. Hata nusu sina. Watanifunga? (Nakuru)

Kifungo cha madai kipo, hadi miezi sita, lakini hakiji kwa simu ya wakala. Lazima kwanza ushtakiwe, hukumu itoke, kisha mahakama iridhike kwamba unao uwezo na unakataa, au umeficha mali, au unataka kutoroka. Ukiitwa mahakamani, nenda, na vielelezo vya hali yako. Wengi wanaofungwa ni wale ambao hawakufika.

Kwa hali yako, punguzo la mdai mmoja mmoja halitakusaidia. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa watu wasio na mali, kwa madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni. Ombi hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi. Akikukubali, wadai wanazuiwa kukuandama, na baada ya miezi 12, kama hali yako haijabadilika, madeni hayo yanafutwa. Hupewi mara ya pili maishani, na huruhusiwi kukopa ovyo wakati unaendelea. Orodhesha wadai wote sita, hata yule jirani wa Sh10,000. Na kama kuna pikipiki uliyoiandikisha kwa jina la mkeo mwezi uliopita, itaje. Ikigunduliwa baadaye utaratibu wote unavunjwa.