Lausanne: kura ya mgeni iko ndani ya ile bahasha

Ndugu zangu mmeuliza kama ni kweli mtu asiye na pasipoti ya Uswisi anapiga kura katika jiji la Lausanne. Ndiyo, ni kweli. Kinachouma ni kwamba wengi wetu tunaitupa haki hiyo pamoja na matangazo ya maduka, kwa sababu inakuja kwa posta na imeandikwa Kifaransa.

Katiba ya Vaud, jimbo lenye jiji la Lausanne, iliyoanza kutumika mwaka 2003 inamruhusu mgeni kupiga kura na hata kugombea katika manispaa anayoishi. Awe na umri wa miaka 18, awe ameishi Uswisi kwa kibali si chini ya miaka 10, na miaka 3 ya karibuni awe mkazi wa Vaud. Kura za jimbo na za taifa hazimhusu. Wala msidhani nchi nzima iko hivyo: Geneva miaka 8 inatosha, lakini mgeni hagombei, na wapiga kura walikataa kumwongezea haki mwezi Juni 2024. Zurich hapigi kura kabisa. Vaud ina desturi ya kutangulia: tarehe 1 Februari 1959 wanaume wake waliwapa wanawake kura ya jimbo, siku ileile taifa lilipowanyima. Taifa likafuata mwaka 1971.

Kila baada ya miaka 5 wanachaguliwa madiwani 100 na watendaji 7 wa jiji. Hao ndio wanaogusa kodi ya manispaa, nafasi za kulelea watoto mchana na nyumba za jiji. Kwa mzazi anayesubiri nafasi ya mtoto, hakuna uchaguzi ulio karibu naye zaidi ya huu.

Bahasha ya kura ikifika, usiichane ovyo, maana hutumika tena kurudishia kura. Karatasi ya kura inaingia kwenye bahasha ndogo na kufungwa. Kwenye kadi ya mpiga kura andika tarehe ya kuzaliwa na utie saini. Kisha vyote viwili viingie kwenye bahasha kubwa. Kura nyingi huharibika hapa: saini imesahaulika, au mume na mke wametia kadi zao kwenye bahasha moja. Siku zikibana usiiamini posta, peleka mwenyewe kwenye sanduku la manispaa kabla ya saa iliyoandikwa.

Kwa anayehamia, mji wenyewe ni mlima. Ouchy, ufukweni mwa ziwa, ni mita 372 hivi juu ya usawa wa bahari. Chalet-à-Gobet, bado ndani ya mipaka ya jiji, ni zaidi ya mita 850. Treni ya m2, isiyo na dereva, inapanda sehemu ya mteremko huo tangu 2008. Kabla ya kukubali chumba, angalia ngazi: mto Flon ulifunikwa karne ya 19, lakini bonde lake lipo, na mtaa unaoonekana jirani kwenye ramani unaweza kuwa chini ya daraja.

Na hela? Mshahara ni mzuri, ila unagawanywa mapema. Dhamana ya nyumba hufika kodi ya miezi 3, na mwenye nyumba hudai cheti kinachoonyesha kama una madeni. Bima ya afya ni lazima ndani ya miezi 3. Mtu mzima hujilipia kwanza matibabu ya faranga 300 hadi 2,500 kwa mwaka, kulingana na mkataba, kisha asilimia 10 ya gharama hadi faranga 700. Hata mfuko rasmi wa taka wa lita 35 ni karibu faranga 2. Ukitumia mfuko wa kawaida, hufunguliwa kutafuta jina lako, na faini inakufuata.

Turudi kwenye haki zenu: ambao hamjatimiza miaka 10 ya kuishi Uswisi, msikae kimya. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi la maandishi lenye saini za majirani kwa baraza la jiji, awe na kibali cha aina yoyote, na katiba ya Vaud inalilazimisha baraza kujibu.